Alitumwa Kufanya Nini Uwanjani?

Mwaka 2018 Ufaransa walibeba Kombe la Dunia kule Urusi na mshambuliaji wa kati ambaye hakufunga hata goli moja. Olivier Giroud alicheza mechi zote saba, akaanza sita, akavishwa medali ya ubingwa, na kwenye safu ya magoli jina lake likabaki na sifuri. Sijui jina linalowasha ubishi wa mashabiki haraka kuliko hilo. Litaje tu, hapohapo watu wanagawanyika. Wako watakaosema alibebwa na Mbappé na Griezmann, kwamba straika asiyefunga hana tofauti na kipa asiyedaka. Na wako watakaosema bila yeye Ufaransa wasingefika popote.

Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu inaanzia kwenye mechi ya kwanza ya Ufaransa katika mashindano hayo, dhidi ya Australia. Siku ile kocha Didier Deschamps aliwaanzisha Griezmann, Mbappé na Dembélé mbele, watatu wenye kasi, bila namba tisa wa asili, yaani straika wa kusimama katikati. Kwenye karatasi safu ile ilitisha. Uwanjani ilikosa mahali pa kuegemea. Mpira ulikwenda mbele ukarudi, Australia wakajipanga wakatulia, na goli la kwanza la Ufaransa likatoka kwa penalti. Giroud aliingia kipindi cha pili, na kwenye shambulizi lililoleta goli la ushindi Pogba aligongeana naye pasi kabla ya kumalizia kwa mguso uliombabatiza beki na kuvuka mstari. Kuanzia mechi iliyofuata hadi fainali, Giroud hakuondoka tena kwenye kikosi cha kwanza.

Ukimtazama yeye peke yake, unaona kazi aliyopewa. Anasimama katikati ya mabeki wawili wa kati, mgongo ukiwa umelielekea goli, mikono imefunguka kidogo ili ajue beki yuko wapi. Mpira mrefu ukija anaupokea kwa kifua au kichwa, anamwachia Griezmann aliye nyuma yake, kisha anasogea hatua mbili upande ambao hauna faida kwake ila unambeba beki. Nafasi anayoiacha ndiyo Mbappé anaipita kwa kasi. Katika mechi ya 16 bora dhidi ya Argentina iliyoisha 4-3, goli la nne la Ufaransa lilimaliziwa na Mbappé kwa pasi ya Giroud. Kila mtu anaikumbuka kasi ya kijana yule. Wachache wanakumbuka nani aliyempa mpira.

Na mtu asiseme Giroud hakujua kufunga. Alistaafu timu ya taifa akiwa na magoli 57, kinara wa magoli wa Ufaransa, mbele ya Thierry Henry mwenye 51. Urusi alitumwa kazi nyingine, akaifanya.

Hapo ndipo ninapoachana na mashabiki wengi ninaobishana nao. Wao wanauliza kama mchezaji ni mkali au si mkali. Mimi nataka kwanza kujua alitumwa kufanya nini, na nani alikuwa pembeni yake. Bila majibu hayo mawili, kubishana juu ya mchezaji wa timu ya taifa ni kupoteza pumzi, kwa sababu mpira wa timu za taifa ni mchezo mwingine kabisa na ule wa klabu.

Klabu ikikosa beki wa kushoto inaingia sokoni kusajili. Timu ya taifa ikikosa beki wa kushoto, imekosa. Kocha atamchukua beki wa kulia amgeuze, au atamshusha winga, au atabadilisha mfumo mzima acheze na mabeki watatu ili lile pengo lisionekane. Kisha kuna suala la muda. Kocha wa klabu anakaa na wachezaji wake karibu kila siku kwa miezi kumi. Kocha wa taifa anawapata kwenye kalenda ya FIFA, siku chache, mechi mbili, wengine wamefika jana usiku kwa ndege, wengine wana maumivu ya misuli kutoka ligi. Kukaba juu kwa pamoja, kule ambako mshambuliaji akisogea kila mtu nyuma yake anasogea kwa wakati mmoja, kunahitaji mazoezi ya miezi. Kulinda kwa kushuka chini na kubana nafasi kunafundishika haraka zaidi. Ndiyo maana mashindano makubwa yanajaa mechi za 1-0, na ndiyo maana shabiki aliyezoea kumwona mchezaji wake akitamba kwenye ligi anamwona akiwa na taifa kama mtu tofauti.

Hispania ya 2010 inatajwa kila mara kama timu ya mpira mtamu. Ilikuwa tamu kweli, lakini itazame vizuri: magoli manane tu katika mechi saba, na mechi zote nne za mtoano walishinda kwa 1-0. Siri yao ilikuwa mazoea. Sita kati ya waliocheza fainali tangu mwanzo, yaani Piqué, Puyol, Busquets, Xavi, Iniesta na Pedro, walikuwa wanacheza pamoja Barcelona, na David Villa alikuwa ameshasajiliwa huko. Vicente del Bosque alilipata bure lile ambalo makocha wengine wa taifa hawalipati kamwe, watu wanaojua mwenzao atakuwa wapi kabla hata ya kuinua kichwa.

England ya miaka ileile ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Gerrard na Lampard: ni ubishi ambao hauishi, na ninaupenda kwa sababu wote wawili walikuwa mafundi wa kweli. Kwenye klabu kila mmoja alikuwa huru kupanda, kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma yake aliyepewa jukumu la kubaki. Lampard kule Chelsea alikuwa na Claude Makélélé. Kwenye taifa waliwekwa pamoja katikati kwenye 4-4-2, mfumo wa mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, wote wanataka kupanda, na aliyebaki nyuma alibaki kwa kujilazimisha. Paul Scholes, aliyekuwa na jicho la pasi kuliko wote wawili, akasukumwa kushoto kwenye Euro 2004, kisha akastaafu timu ya taifa. England haikufuzu Euro 2008. Majina yale yangetosha kujaza timu mbili, lakini kazi zilizohitaji watu zilikuwa nyingine na hazikupata watu. Nikisikia mtu anasema kizazi kile hakikuwa na moyo, nakataa. Kilikosa mtu wa kukubali kumwacha nje mchezaji mkubwa.

Na hapa ndipo kocha wa taifa anapopimwa kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2014 Joachim Löw wa Ujerumani alianza Kombe la Dunia kule Brazil akimtumia Philipp Lahm katikati, huku mabeki wa kati wakipangwa pembeni. Wajerumani walibishana nchi nzima. Baada ya kusumbuliwa na Algeria hadi muda wa ziada kwenye 16 bora, Löw alimrudisha Lahm beki ya kulia katika robo fainali dhidi ya Ufaransa, na timu ikakaa sawa. Mechi iliyofuata ni ile ya 7-1 dhidi ya Brazil pale Belo Horizonte. Kuhusu mechi hiyo bado nasikia kwamba Brazil walikufa kwa sababu Neymar alikuwa majeruhi. Timu iliyofungwa magoli matano ndani ya dakika 29 haikuwa inamlilia winga. Ilikuwa inamlilia Thiago Silva, nahodha na beki wa kati, aliyekuwa nje kwa kadi za njano. Dakika zile beki mwenzake David Luiz anapanda, anaacha uwazi, na hakuna wa kumwita arudi.

Nadhani sehemu kubwa ya ubishi wetu unaharibiwa na kamera. Kamera ya televisheni inaufuata mpira. Anayefanya kazi bila mpira, anayeziba njia ya pasi, anayemvuta beki, anayebaki nyuma ili mwenzake apande, mara nyingi hayumo kwenye picha, au yumo pembeni kabisa kwa nusu sekunde. Kisha tunakutana kubishana kwa ushahidi wa vipande vya dakika mbili ambavyo vimekatwa kuonyesha magoli na chenga tu. Ninapotaka kumwelewa mchezaji, natazama marudio ya mechi nikimfuata yeye mwanzo hadi mwisho, mpira uende utakakoenda. Jaribu kwa Sergio Busquets katika ubora wake. Kabla mpira haujamfikia, ameshageuza shingo kuangalia nyuma ya bega la kulia, akaangalia la kushoto, na mpira ukifika anaugusa mara moja tu kuelekea mahali ambapo mpinzani hayupo. Hakimbii sana. Hapigi mashuti. Mtu akikwambia hana kasi, amesema kweli, ila hajasema lolote kuhusu kiungo yule.

Ubishi mkubwa kuliko wote wa zama hizi, wa Messi na Ronaldo, nitaupitia harakaharaka kwa sababu umeshatafunwa mno. Ninachotaka kusema ni kimoja. Kwa miaka mingi Messi alihukumiwa kwa jezi ya Argentina: fainali ya Kombe la Dunia 2014 akapoteza kwa goli la Götze kwenye muda wa ziada, fainali za Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, 2015 na 2016 akapoteza zote kwa Chile kwa penalti, na ile ya 2016 alikosa mkwaju wake mwenyewe na kutangaza kwamba basi, timu ya taifa imemshinda. Watu wakasema ni mchezaji wa klabu. Miaka sita baadaye, akiwa mzee zaidi na mzito zaidi, alibeba Kombe la Dunia. Yeye hakuwa ameongezeka ubora. Kilichobadilika ni waliomzunguka. Ronaldo naye alitolewa nje kwa jeraha dakika ya 25 ya fainali ya Euro 2016, na Ureno wakashinda bila yeye kwa goli la Éder. Kombe ni la timu, na mashabiki wa wote wawili wangelala vizuri zaidi wakilikubali hilo.

Lakini Argentina ya 2022 inastahili kutazamwa kwa karibu, maana Lionel Scaloni alifanya nilichokuwa natamani kocha wa taifa afanye. Alifungwa mechi ya kwanza na Saudi Arabia 2-1. Angeweza kuwashikilia watu wake waliomletea Copa América ya 2021. Badala yake Enzo Fernández, Alexis Mac Allister na Julián Álvarez wakapanda kutoka benchi hadi kuwa nguzo za timu. Kisha akawa anabadilisha umbo kulingana na mpinzani: mabeki watatu wa kati dhidi ya Uholanzi, viungo wanne dhidi ya Croatia, na fainali akamweka Di María kushoto, upande ambao Ufaransa hawakumtarajia. Di María akasababisha penalti ya goli la kwanza, akafunga la pili.

Dakika ya 64 Scaloni akamtoa Di María akamwingiza Acuña. Dakika ya 80 na 81 Mbappé akasawazisha. Kuna watu hadi leo wanaapa kwamba sub ile nusura iiue Argentina. Naelewa wanakotoka, lakini mimi naangalia benchi lingine. Dakika ya 41, kabla hata ya mapumziko, Deschamps alimtoa Giroud. Ndiyo, Giroud yuleyule wa Urusi, sasa akiwa amefunga magoli manne kwenye mashindano. Akamtoa na Dembélé, wakaingia Kolo Muani na Marcus Thuram. Siku hiyo Ufaransa hawakuwa na mpira wa kumfikishia mtu wa kuegemea, walihitaji miguu ya kukimbia na kukaba. Penalti ya kwanza ya Mbappé ilitokana na Otamendi kumchezea rafu Kolo Muani. Goli la pili, pasi ya mwisho ilikuwa ya Thuram. Mwaka 2018 Giroud hakufunga na alikuwa lazima awepo. Mwaka 2022 alifunga, na fainali ilimtaka atoke. Deschamps aliyaona yote mawili, na kwangu hilo linamweka juu kuliko anavyohesabiwa.

Mashindano yaleyale Morocco walituletea ubishi mwingine, ule wa mpira mzuri na mpira mbaya. Walid Regragui alikabidhiwa timu mwishoni mwa Agosti 2022, Kombe la Dunia likaanza Novemba. Hakuwa na muda wa kujenga timu ya kumiliki mpira, akajenga ukuta. Hadi wanaingia nusu fainali goli pekee waliloruhusu ni la kujifunga dhidi ya Canada. Waliwaachia Hispania mpira kwa dakika 120, na kwenye penalti Hispania hawakupata hata moja. Nimesikia watu, tena wapenzi wa Afrika, wakisema ule ni mpira wa woga. Nakataa kwa nguvu zangu zote. Mtazame Sofyan Amrabat mbele ya mabeki wake, jinsi anavyosogea mita tatu kushoto, mita tatu kulia, kila pasi ya Hispania inapotafuta upenyo wa katikati. Mwenye woga anarudi nyuma bila kujua kwa nini. Wale walijua kila hatua ilikuwa ya nini, na walipoupata mpira, Hakimi na Boufal waliutoa nyuma kwa pasi fupi wakati wowote wangeweza kubutua.

Kuna mahali ubishi unaponiumiza. Usiku wa Julai 11, 2021, England walipopoteza fainali ya Euro kwa Italia kwa penalti, waliokosa walikuwa Rashford, Sancho na Saka. Kulikuwa na mjadala halali kabisa wa kiufundi: kwa nini Rashford na Sancho waliingizwa dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada, wakiwa hawajagusa mpira vya kutosha, na kwa nini mkwaju wa tano ulipewa kijana wa miaka 19. Hayo ni maswali ya kumuuliza kocha, na Gareth Southgate mwenyewe alisema ni yeye aliyewachagua. Lakini vijana wale walimiminiwa matusi ya rangi ya ngozi zao. Anayetukana hivyo ameshatoka kwenye mpira, na mimi simjibu.

Turudi Afrika, kwa sababu kisa ninachokirudia kuliko vyote ni cha Ivory Coast.

Kizazi cha Drogba, Yaya Touré na wenzao kilifika fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, 2006 kikafungwa na Misri kwa penalti. Mwaka 2012 kikafika tena, hakikuruhusu goli hata moja mashindano mazima, Drogba akakosa penalti ndani ya mchezo, na Zambia wakashinda 8-7 kwa mikwaju pale Libreville. Kocha wa Zambia, Hervé Renard, akaenda kuwafundisha haohao Ivory Coast, na mwaka 2015 wakabeba kombe, Drogba akiwa ameshastaafu timu ya taifa.

Halafu ikaja AFCON iliyochezwa kwao mwanzoni mwa 2024. Walifungwa na Nigeria, kisha wakapigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka kabla hata hatua ya makundi haijaisha. Shirikisho likajaribu kumwazima Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wakakataa, na timu ikaachiwa msaidizi, Emerse Faé. Walipenya kama mmoja wa walioshika nafasi ya tatu kwenye makundi wakiwa na matokeo bora, baada ya Morocco kuifunga Zambia. Dhidi ya Senegal, mabingwa watetezi, walisawazisha dakika za mwisho kwa penalti ya Kessié aliyetoka benchi, wakashinda kwa mikwaju. Dhidi ya Mali walibaki kumi kabla ya mapumziko, Adingra akasawazisha dakika ya 90, na Oumar Diakité akafunga la ushindi muda wa ziada ukiwa umekwisha kabisa. Fainali wakatanguliwa na Nigeria, wakageuza 2-1. Adingra alitoa pasi za magoli yote mawili: kona iliyomkuta kichwa Kessié, na krosi ambayo Sébastien Haller aliiwahi mbele ya beki, akanyoosha mguu na kuugusa kwa ncha ya kiatu.

Nani apewe sifa? Wengi ninaobishana nao wanasema Faé: timu ileile, jezi ileile, kocha mpya, ubingwa. Ni kisa kizuri, lakini timu haikuwa ileile. Haller na Adingra waliingia mashindanoni wakiwa majeruhi, na hatua ya makundi hawakucheza. Kwenye mashindano hayo Gasset hakuwahi kuwa nao uwanjani. Faé aliwapata wote wawili wakiwa wamepona, mtu wa kuegemea katikati na winga wa kumlisha, na magoli mawili ya fainali yakapita miguuni mwao. Kwa hiyo mimi nampa Faé sifa ya kuwatuliza watu waliokuwa wamevunjika moyo na kumwamini Kessié katika dakika ngumu, ila simlaumu Gasset kama wanavyomlaumu. Wanaonipinga wanajibu kwamba 4-0 haielezwi na kukosekana kwa washambuliaji wawili, kwamba safu ya ulinzi ilikuwepo yote na ilipasuka. Jibu hilo lina uzito. Nikirudi kuitazama mechi ya Guinea ya Ikweta, naona Ivory Coast wanatawala mpira, wanasukuma watu mbele, wanakosa, na kila wanapopoteza mpira viungo wako mbali na mabeki kwa mita nyingi. Je, viungo walipanda kwa sababu mbele hakukuwa na wa kuushika mpira, au ndivyo walivyoelekezwa? Kwa maoni yangu ni la kwanza, na aliye na hoja ya la pili anioneshe dakika tuitazame pamoja.